Chuo kinamwambia mtoto asichague fani mpaka mwaka wa pili uishe. Hii elimu ya sanaa huria ni kitu gani hasa?

#1 MjombaChumbageni
Wagosi, habari za jioni. Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), na kafaulu vizuri. Aliomba vyuo vya hapa na kimoja cha Marekani, na hicho cha Marekani kimemkubali kwa udhamini karibu wote. Nyumbani ilikuwa vigelegele mpaka tulipokaa na ile barua tukaisoma kwa utulivu. Shahada ni miaka minne. Chuo ni cha sanaa huria. Hakuna kitivo cha udaktari, hakuna sheria, hakuna uhasibu. Mwanafunzi anatangaza fani yake mwishoni mwa mwaka wa pili, na kabla ya hapo anaokota masomo kutoka kila kundi: sayansi, historia, lugha ya kigeni, falsafa, sanaa. Baba yake kauliza swali moja tu, "Akirudi atakuwa nani?", na macho yote yakanigeukia mimi ninayeitwa msomi wa ukoo.

Msimamo wangu kwa sasa ni huu: mtoto wa PCB kupelekwa kusoma mashairi na falsafa ni kuitupa sayansi aliyoisotea. Mwenye hoja anipinge.

#2 FundiChuma
Hupingwi na mimi. Bomba la mafuta linatoka Hoima mpaka hapa kwetu Chongoleani, kilomita 1,443, na kule kwenye matangi hakuna aliyewahi kuniuliza falsafa. Waliuliza cheti cha kuchomelea na wakanipa kipande cha bomba nikichomelee mbele yao. Asome kitu chenye jina.

#3 BintiPangani
Mjomba, tuanze kwa kuondoa tope. Sanaa huria haina maana ya uchoraji na mashairi peke yake. Fizikia, kemia, baiolojia na hisabati zimo ndani tangu zamani. Vyuo kama Williams na Amherst vina idara za sayansi zenye maabara nzuri tu, na Swarthmore wana hata uhandisi. Kinachokosekana kwa kawaida ni kozi za taaluma, yaani uuguzi, uhasibu, sheria.

Na hilo la udaktari lisikutishe. Marekani ni nadra mtoto kutoka sekondari akaingia moja kwa moja kusoma udaktari wa binadamu. Karibu wote wanachukua shahada ya kwanza ya kitu kingine, halafu ndiyo wanaomba shule ya udaktari. Kwa hiyo mpwa wako anaweza kabisa kubaki na baiolojia. Ila mwambieni ukweli mapema: mwanafunzi wa kigeni kupata nafasi katika shule zao za udaktari ni kazi ngumu sana na ada yake inaumiza.

#4 Maalim_Ngamiani
Mnaishangaa kama kitu kigeni. Ulaya ya kale walikuwa na masomo saba: sarufi, mantiki na balagha kwanza, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Sasa nenda kamuulize mzee yeyote wa pwani hii aliyekaa darsa kwa masheikh, baada ya kuhitimu Qurani alisomeshwa nini. Nahau. Mantiki. Balagha. Hesabu ya mirathi, ambayo ukikosea kwenye thumni ya mjane umeshadhulumu mtu. Falaki ya kujua kibla na nyakati za sala. Hakuna aliyeulizwa ataajiriwa wapi. Mmoja alikuwa mshona kofia, mwingine mvuvi, mwingine anauza mbata. Elimu ilimfanya mtu aweze kupima jambo na kuliamua, riziki akaitafuta kwa mikono yake.

#5 Kimanumanu
Maalim, shikamoo. Lakini somo la sita umelipitisha kimyakimya. Muziki mlisomeshwa na nani? 😂

#6 Maalim_Ngamiani
Marahaba. Al-Farabi aliandika kitabu kizima juu ya muziki, na alikuwa mwanafalsafa. Sisi tulikuwa na aruudhi, elimu ya vipimo vya shairi. Anayejua mizani anajua muziki kuliko wewe na spika yako.

#7 BintiPangani
Maalim, hoja yako nzuri ila nina swali la heshima. Wasichana wangapi walikaa kwenye hizo darsa za mantiki na falaki? Na nisiseme pwani tu: Amherst wenyewe wamefungulia wanawake mlango mwaka 1975. Elimu ya kumfanya mtu aamue mambo, lakini "mtu" alikuwa mwanamume kwa muda mrefu sana, kote kuwili. Mpwa wa Mjomba ni binti au kijana?

#8 MjombaChumbageni
Ni binti. Na kwenye kile kikao hilo nalo lilisemwa, kwamba "bora kozi ya kumpa kazi haraka kabla hajaolewa". Sikulipenda.

#9 Katani
Mnatafuta falsafa kwenye jambo la mpangilio wa shule tu. Sisi tulirithi mtindo wa Kiingereza: mtoto akimaliza kidato cha nne anawekwa kwenye mchepuo, PCB, HGL, EGM, na tangu hapo hageuki. Mmarekani anamaliza sekondari hajachuja chochote. Ile miaka miwili ya mwanzo wa chuo ndiyo inafanya kazi ya kuchuja, kazi ambayo kwetu imeshafanyika kwa matokeo ya mtihani. Hakuna siri zaidi ya hapo. Mpwa wako kashafika mbele, kule atarudishwa nyuma.

#10 Mwl_Makorora
Katani umegusa kitu, ila unakaza fundo ambalo halikazi. Mimi nimefundisha kidato cha tano na sita mpaka nikastaafu. Mtoto wa miaka 17 anapangwa PCB kwa sababu alipata alama nzuri za kemia chini ya mwalimu mzuri wa kemia. Shule ya jirani mwalimu wa kemia hakuwepo, basi watoto wote wa pale "wanapenda" historia. Huko ndiko kuchuja? Nimeona vijana wenye kichwa cha hesabu cha kutisha wakiishia HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) kwa sababu maabara ilikuwa stoo ya madawati. Anayewapa miaka miwili ya kuonja upya anawarudishia haki ambayo ramani ya shule zetu iliwanyima.

Halafu historia. Hata wenyewe hawajawahi kukubaliana. Mwaka 1828 maprofesa wa Yale waliandika taarifa ndefu kutetea Kigiriki na Kilatini, wakisema kazi ya chuo ni kuinyoosha akili na kuijaza, ufundi wa kazi mtu ataupata baadaye. Kisha Charles Eliot akashika Harvard, 1869 hadi 1909, akabomoa karibu ulazima wote, kila mtu achague atakacho. Mwaka 1919 Columbia wakaona watu wametawanyika mno, wakarudisha kozi ya lazima kwa wote. Mpaka leo Amherst wanakulazimisha semina moja tu ya mwaka wa kwanza, wakati chuo cha St. John's tangu 1937 wanafunzi wote wanasoma orodha moja ya vitabu na hakuna fani kabisa. Zote hizo zinaitwa jina hilohilo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa Mjomba: chuo cha binti ni cha mtindo upi?

#11 Usagara_Zamani
Kuna upande mnaukwepa. Kila mara Mwafrika alipotaka elimu pana aliambiwa ashike randa. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi: useremala, ujenzi, makanika. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ikapita Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, ikapendekeza elimu ya "kuendana na mazingira", kilimo na kazi za mikono. Mtindo wenyewe ulitoka Tuskegee, chuo cha Wamarekani weusi cha Booker T. Washington, na Du Bois, msomi mweusi mwenzake, aliupinga kwa kalamu yake yote. Hapa Tanga shule ya Wajerumani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walitaka nini? Makarani na maakida. Kusoma, kuandika, kutii. FundiChuma ndugu yangu, sikudharau wewe wala kazi yako. Nasema tu kwamba neno "asome kitu cha kazi" lina wenyewe, na wenyewe hawakuwapeleka watoto wao huko.

#12 FundiChuma
Nimekusoma Usagara na sijakasirika. Lakini mwaka huu wa leo mtoto wa tajiri akisoma falsafa ana duka la baba. Mtoto wetu akisoma falsafa ana mkopo.

#13 Kimanumanu
Hapo pagumu. Nyerere mwenyewe si alienda Edinburgh kusomea ualimu akarudi na kazi? Hakwenda kuonja.

#14 Usagara_Zamani
Si kweli, mgosi. Ualimu aliusoma Makerere, stashahada. Edinburgh alikaa 1949 hadi 1952 akachukua MA ya kawaida ya Waskoti, ile shahada pana. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa, anthropolojia, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Chukua orodha hiyo umpelekee baba wa binti bila kumtajia jina, uone kama hatauliza "huyu atakuwa nani?" Na huyohuyo ndiye aliyekaa Ikulu akatafsiri Shakespeare.

#15 Katani
Na huyohuyo Machi 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea akataka shule zilime. Msichukue nusu.

#16 Mwl_Makorora
Katani, isome tena. Pamoja na shamba alilia pia kwamba shule zinazalisha watu wa kukariri wasiohoji. Akitaka mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kujiamini. Sehemu ya jembe ndiyo tuliyoitekeleza, ile ya kudadisi tukaiacha kwenye kabati la mkuu wa shule.

#17 MamaMuheza
Samahanini wasomi, mimi nina kesi hai. Mwanangu alisoma shahada ya namna hiyo nchi ya jirani, masomo mchanganyiko, akamaliza na ufaulu mkubwa. Amerudi. Tangazo la kazi linasema "shahada ya uhasibu, uchumi au fani inayolingana". Anajaza fomu, kwenye orodha ya fani yake haipo. Alikwenda ofisi moja kuuliza, karani akageuza cheti chake juu chini, akaita mwenzake, wakakisoma wote, wakasema "hii hatuijui, ngoja wakubwa". Wakubwa hawajapiga simu. Kijana anaandika vizuri, anaongea na mtu yeyote, hesabu anajua. Sasa yuko Segera anasimamia mizani ya machungwa ya mjomba wake. Msimdanganye Mjomba kwamba barabara ni lami.

#18 BintiPangani
Pole mama. Hiyo ndiyo hatari ya kweli, na inatoka kwenye miundo ya utumishi iliyoandikwa kwa majina ya fani. Je, cheti chake kilipelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa? Shahada ya nje lazima ipite pale. Bila ile barua ya utambuzi hata fani yenye jina inakwama.

#19 MamaMuheza
Hatukujua mwanangu. Asante, namwambia leo.

#20 Raskazone87
Nimekuwa msomaji tu hapa, leo niseme. Nimesoma chuo cha hivyo, Ohio, fani yangu baiolojia. Nitawapa jambo moja badala ya kusifu.

Mwaka wa pili niliingia kozi ya historia ya sayansi kwa sababu tu ratiba ilikubali. Tulikuwa kumi na kitu, meza moja, na kila mtu aandike juu ya ugunduzi mmoja. Nikachagua silikanti, samaki wetu. Nilidhani nitamaliza kwa mapezi na mifupa. Nikakuta kwamba 1938 kule East London, Afrika Kusini, aliyemwona katika shehena ya meli ya uvuvi ni Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho ambaye hakuwa na shahada. Aliyemthibitisha, J.L.B. Smith, alikuwa mhadhiri wa kemia. Wataalamu wenye fani walikuwa wameshaandika kwamba ukoo ule ulikwisha yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Likizo nikarudi, nikaenda Kigombe kwa wavuvi wa jarife, ule wavu wa papa. Mzee mmoja alikaa mchangani akanichorea kwa kidole namna jarife linavyoshushwa pale mwamba unapoporomoka kwenda kwenye kina. Akasema yule samaki ana mafuta mengi, halisogei soko, hawamtafuti. Anaingia mwenyewe walipotega papa. Kisha akaniuliza: "Hifadhi imekuja 2009 kwa ajili ya samaki tusiyemla. Papa tunayemla tumtegee wapi?" Niliiandika hivyohivyo kwenye insha. Profesa akairudisha na maneno mawili pembeni, kwa wino wa kijani: nani analipa? Sikuwa na jibu ndani ya baiolojia. Muhula uliofuata nilichukua uchumi, na uliofuata sheria za bahari.

Leo nafanya kazi ya bima ya vyombo vya majini. Hakuna kozi niliyosoma iliyoitwa hivyo. Lakini kila siku nafanya kilekile: mwamba, mvuvi, sheria, na nani analipa.

#21 Kimanumanu
Huu ndio uzi. Wengine wote mlikuwa mnapasha moto.

#22 Maalim_Ngamiani
Ahsante binti. Na mzee wa Kigombe alikufundisha mantiki bila karatasi.

#23 FundiChuma
Raskazone nimekuelewa na nimeipenda. Ila jibu hili: ni masomo mengi yaliyokusaidia, au ni zile kiti kumi na kitu na profesa anayesoma insha yako mpaka mwisho? Maana msimamizi wetu site alisoma uhandisi mtupu, mashine tupu, na hakuna anayejua kusikiliza watu na kuandika ripoti kama yeye. Alilelewa na bibi aliyekuwa mzee wa baraza Lushoto. Upana wake hakuupata chuoni.

#24 Mwl_Makorora
FundiChuma umepiga msumari penyewe. Tunayo masomo ya upana sisi. GS (General Studies) tumeisomesha miaka mingi kidato cha tano na sita. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam DS (Development Studies, masomo ya maendeleo) ni ya lazima kwa kila mtu, mhandisi na mwanasheria. Nia ilikuwa ileile, kwamba asitoke mhandisi asiyejua nchi yake imefikaje hapa.

#25 Jiwe_la_Amboni
DS? Naikumbuka vizuri. Ukumbi umefurika, wengine wako madirishani, spika inakwaruza. Mhadhiri simlaumu, angefanyaje na umati ule? Tunanunua madesa kwa yule dada wa stesheneri, tunakariri usiku kucha, mtihani wa mwisho (UE) tunamwaga, kesho yake kichwa cheupe. Niliyekaa naye alipata sapu, akarudia mtihani, kwa sababu alijaribu kuandika mawazo yake mwenyewe. Kwa hiyo namuunga mkono FundiChuma: tatizo ni idadi na namna ya kusomesha. Mlundike wanafunzi 800 kwenye kozi ya falsafa, umewapa GS ya bei ghali.

#26 Katani
Basi tumerudi kwenye fedha. Darasa la watu kumi linalipwa na nani? Hata Singapore walioanzisha Yale-NUS, chuo cha mtindo huo chenye pesa, wanafunzi wa kwanza 2013, wakatangaza 2021 kwamba kitafungwa, na 2025 kimefunga. Kama Singapore imeshindwa, Tanga mnaota.

#27 BintiPangani
Katani, na Ghana? Ashesi ya Patrick Awuah ilianza 2002 na darasa dogo sana. Yeye mwenyewe alisoma Swarthmore, akafanya kazi Microsoft, akarudi. Pale wanasoma kompyuta, biashara, uhandisi, lakini wote wanapitia msingi wa uandishi, maadili na uongozi. Wamechukua kilicho cha maana wakakivisha fani yenye jina. Baba wa binti angeelewa hiyo kwa dakika moja. Na ukitaka wenye akili ya kujitegemea, tazama Berea kule Kentucky: hawatozi ada ya masomo hata senti tangu 1892, na kila mwanafunzi anafanya kazi ya chuo si chini ya saa kumi kwa wiki. Anafagia, anafuma, anahudumia maktaba, na anasoma falsafa.

#28 Usagara_Zamani
Kwa hiyo jembe na kitabu vinakaa nyumba moja. Mwaka wa 1967 ungeipenda hiyo.

#29 Kimanumanu
Na Shaaban Robert je? Mtoto wa Machui hapo, chuo kikuu hakukiona, karani wa forodha Pangani, lakini falsafa, historia, mashairi, wasifu, vyote kaandika. Coastal Union, timu yetu ya mpira, mkipanga kikosi cha wasomi wa Tanga namba kumi ni yake.

#30 Jiwe_la_Amboni
Coastal wapange beki kwanza.

#31 MjombaChumbageni
Nimesoma zote, nashukuru. Kikao cha pili ni Jumapili. Chuo cha binti, nimeuliza, kina masharti ya makundi: lazima achukue kiasi fulani kila upande, si huria kabisa kama Amherst wala si orodha moja kama ile ya 1937. Madarasa ni madogo. Sasa yeye mwenyewe ananiambia, "Mjomba nataka udaktari, ila nataka pia kujua kwa nini zahanati ya kijijini kwetu haina dawa." Nimjibu nini?

#32 Mwl_Makorora
Mwambie hayo maswali mawili yanakaa kwenye fani mbili, na huko kuna nafasi ya kuyashika yote. Lakini baba yake ana haki ya kusikia mpango kwenye karatasi.

#33 Katani
Mpango wangu mimi: achukue nafasi ya udaktari ya hapa kama ataipata, falsafa asome jioni kwa Maalim. Miaka mitano, anarudi Chumbageni na jina. Bado hakuna aliyenionyesha kwa nini aanze upya.

#34 Raskazone87
Katani, hoja yako ina uzito na siipuuzi. Udaktari wa hapa ni njia fupi na ya uhakika kuliko ile ya kule. Mimi namwambia binti mambo ya kufanya kama atakwenda. Kemia na baiolojia azianze muhula wa kwanza, asisubiri mwaka wa pili kwa sababu eti hajatangaza fani. Kemia ya kaboni inajengwa juu ya ile ya mwanzo, na ukichelewa muhula mmoja ratiba nzima inasogea. Kozi za upana azipange pembeni ya maabara, mbili kwa muhula zinatosha. Moja iwe ya kuandika. Nyingine iwe uchumi au siasa ya afya, maana swali la zahanati linaanzia huko. Na kila muhula ahifadhi muhtasari wa kozi alizosoma, ule wenye orodha ya mada, kwa sababu siku ya kupeleka cheti kutambuliwa ndizo karatasi zinazoulizwa na ndizo ambazo watu wengi tumezitupa.

#35 MamaMuheza
Hizo karatasi za mwanangu ziko kwenye kompyuta ya chuo kule, je wanaweza kumtumia sasa hivi au mpaka aende?

#36 Raskazone87
Wanatuma, mama. Aandikie ofisi ya msajili, ataje mwaka na namba yake ya usajili. Nitumie ujumbe wa faragha nimsaidie kuandika hiyo barua.